Mashine tano za boti, na mi naishi mlimani

Jumapili moja asubuhi jirani yetu alibisha hodi akiwa na debe la mahindi kichwani. Kasikia mashine inanguruma uani kwetu tangu saa moja, akajua tumefungua cha kusaga. Ikabidi nimkaribishe mpaka nyuma nimuoneshe: pipa la lita 200 limejaa maji, kwenye ukingo nimefunga kipande cha ubao, kwenye ubao imening'inia mashine ya boti ya umri wa baba yangu, moshi wa bluu umetanda mpaka kwenye kamba ya nguo (hapo kuna kesi nyingine na mama watoto, tuiache). Akaangalia weee, akatua debe, akauliza lile swali ambalo kila mtu anauliza. Sasa baba, huku Mbeya utaendea wapi na hiyo?

Ziwa lipo bwana. Ila liko chini. Hapa mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi, kwahiyo ukitoka na mzigo unapita Uyole, Igawilo, unapanda Isyonje unapigwa baridi ya kufa mtu, alafu unateremka Kiwira, Tukuyu, unaingia kwenye joto la Kyela, unakata Ipinda mpaka Matema ambako barabara inaishia mchangani. Huo mteremko wa mita 1,200 na kitu uushike kichwani, mana ndo ulikuja kuniaibisha mbele za watu.

Yote ilianza kwa mchele. Nilikuwa natoka Kyela na magunia mawili, gari likapata pancha karibu na jamaa mmoja anayenunua chuma chakavu, na mi nikiona lundo la vyuma siwezi kukaa bila kuchungulia. Kati ya rejeta, sufuria zilizotoboka na rimu za pikipiki nikaona bomba refu limechomoza na mwishoni kuna propela. Nikavuta. Ikatoka British Seagull nzima, imejaa mchanga na nyumba za nyigu, tenki lake la shaba ya njano limekuwa jeusi kama sufuria ya msibani. Jamaa alikuwa keshaipangia kazi: anatenganisha shaba kivyake, alminiamu kivyake, mana alminiamu inaenda kwa wale mafundi wanaoyeyusha na kumimina masufuria. Wiki moja mbele ningeikuta sokoni inapikiwa wali. Nikauliza bei, akaiweka kwenye mizani, nikailipia kwa kilo kama nyama.

Seagull kwa asiyeijua ni mashine isiyo na aibu. Haina kava, kila kitu kiko nje: tenki, kabureta, silinda moja, alafu mabomba yanashuka mpaka kwenye propela, basi. Hata kamba ya kuwashia haijirudishi yenyewe, unaizungusha kwa mkono kwenye flaiwili, unavuta, inachomoka yote, na ukiwa na bahati mbaya inamchapa aliyekaa nyuma yako. Waingereza walianza kuzitengeneza 1931, baadaye kiwanda kikawa mji wa Poole, na wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lao la maji likaziagiza kwa wingi. Tangazo lao lilikuwa linajisifu kwamba hii ndo mashine bora ya boti kwa dunia nzima. Majigambo tu, ila ukiifungua unaelewa kiburi kilitoka wapi, mana unaweza ukaibomoa yote kwa spana chache na bisibisi moja ukiwa umekaa kwenye ndoo.

Yangu pistoni ilikuwa imeganda. Nikaitoa plagi, nikajaza dizeli na hidroliki humo ndani, nikaiacha wiki nzima, kila jioni natoka kazini nakuja kuigusa flaiwili kidogo kama mtu anayemuangalia mgonjwa. Siku ya saba ikasogea. Platini (vile vibati viwili vinavyofunga na kufungua umeme wa cheche) zilikuwa zimeota kutu, nikazipiga msasa laini, nikabadilisha kondensa kwa kuchukua ya pikipiki, nikafunga plagi, nikazima taa nivute nione. Cheche ya bluu hiyoo, saa nne usiku. Nikaenda kumwamsha mama watoto aje aone. Alikuja, akaangalia, akarudi kulala, hakusema neno.

Ningeishia pale ningekuwa mtu wa kawaida tu mwenye kitu kimoja cha ajabu stoo. Ila hii kitu ina uteja wake. Ukishakuwa na moja unaanza kujua, na ukishajua macho yanabadilika, unapita mahali ambapo umepita miaka kumi na unaona vitu. Nikapata Seagull ya pili haina kichwa, nikaichukua ya spea. Nikapata Johnson Sea-Horse ya miaka ya 1950, hospawa 5.5, kwenye banda la kuku, aliyeniuzia aliapa kwamba ilikuwa ya misheni. Nikapata Evinrude ya hospawa 10. Alafu Yamaha Enduro ya 15 ambayo hata sio ya kizamani kivile ila ilikuwa imenoki na mwenyewe anataka hela ya ada ya shule, sa ningefanyaje.

Kuhusu Evinrude niseme kidogo mana watu wa vijiwe vya boti wanapenda sana hii simulizi. Ole Evinrude alikuwa Mnorwei aliyehamia Marekani, fundi, siku moja ya joto anapiga kasia kwenda kumletea mchumba wake Bess aiskrimu ng'ambo ya ziwa huko Wisconsin, anarudi imeshayeyuka. Ndo akakaa akaumiza kichwa, na kufika 1909 alikuwa anaziuza mashine zake. Hakuwa wa kwanza kabisa, kuna Mmarekani mwingine, Cameron Waterman, alishaanza kuuza za kwake miaka michache kabla, ila Ole ndo alizifanya biashara ya kweli, na huyo Bess ndo alikuwa anaendesha ofisi na matangazo. Mi kila nikiisimulia hii nyumbani naambiwa basi na wewe kaniletee hata aiskrimu.

Evinrude yangu ndo imeniuma roho kuliko zote. Mashine hizi propela inashikwa na pini, na ile pini imetengenezwa iwe laini makusudi, ili ukigonga jiwe ikatike yenyewe gia isiumie. Pini ni ya bei ya pipi, gia ni balaa. Sasa huko ilikotoka pini ilikatika siku moja, mtu akaona isiwe taabu akaweka msumari, msumari wa chuma kigumu, ikafanya kazi vizuri tu mpaka walipokutana na jiwe. Msumari haukukatika. Nilipofungua gia boksi nikakuta meno yanaogelea kwenye oili kama mahindi kwenye makande. Siku hizi pini nakata mwenyewe kutoka kwenye fimbo za brasi za mafundi wa kuchomelea, natembea nazo sita kwenye kopo la filamu. Seagull wao hawana hata hiyo pini, propela imeshikwa na springi nene iliyojizungusha kwenye shafti, ukigonga kitu springi inapokea kishindo. Nani aliwaza kile kitu sijui alikunywa nini, ila nampa heshima.

Na hapa wacha nigombane na watu kidogo. Kuna wenzangu wakipata mashine ya zamani kitu cha kwanza ni kuipaka rangi ing'ae kama ya dukani. Mi sitaki. Rangi ya zamani iliyobanduka mahali mkono wa mtu ulikuwa unashika kila siku, hiyo huwezi kuinunua. Paka grisi, badilisha sili, badilisha impela ya pampu ya maji, nyaya zilizopasuka toa, koili za zile Johnson za zamani huwa zinapasuka karibu zote kwahiyo hizo usizionee huruma, ila sura muachie mzee wa watu.

Haya, boti. Mashine tano huna boti ni sawa na kuwa na hatamu tano huna punda, na mtumbwi wa kuchonga usingefaa. Mitumbwi ya kule Nyasa mdomo wake ni mwembamba, tumbo ndo pana, mzuri sana kwa kasia na mawimbi, ila hauna mahali pa kufunga mashine mpaka uanze kuukata, na mi sio wa kumkatia mtu mtumbwi wake. Nikaamua niunde ya plaiwudi kwa ile njia ya kushona. Unakata mbao za plaiwudi kwa vipimo, unatoboa matundu pembeni, unazishona kwa nyaya za shaba zikutane kama unashona kanga, alafu unaziba maungio kwa epoksi, ile gundi ya makopo mawili unayochanganya ikawa ngumu, na kitambaa cha faiba. Njia hii ilipata umaarufu Uingereza 1963 walipotoa boti ndogo inaitwa Mirror, mita 3.3, ili mtu wa kawaida aunde mwenyewe gereji. Nyaya mi nilitoa kwenye mota iliyoungua.

Plaiwudi sio shida ukanda huu, Mafinga pale kuna msitu wa Sao Hill na viwanda vya mbao, mzigo unapanda mpaka Mbeya. Shida ni gundi ya ndani. Plaiwudi ya dari ukiiweka kwenye maji inafunguka kama kitabu. Muuza duka atakuambia hii haiingii maji, wote wanasema hivyo, kwahiyo dawa ni moja tu: omba kipande, nenda nacho nyumbani, kichemshe. Kitokote saa moja au zaidi, kitoe, kikauke, alafu jaribu kukichana kwa kisu. Nilichemsha vipande vya maduka manne, vitatu vikafumuka, kimoja kikabaki kigumu na mistari yake ya gundi ya rangi ya kahawia ipo pale pale. Nikanunua kwa huyo wa nne, fut nane kwa nne, shiti tano. Sufuria niliyochemshia ilikuwa ile kubwa ya sikukuu. Hapo nilikosea, nimekubali, nimeomba msamaha, bado inanukia.

Alafu nikafanya kosa la pili, nikaanza kazi ya epoksi mwezi wa sita. Mtu wa Mbeya ananielewa. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba hapa maji ya bomba yanauma meno, na epoksi ikipigwa baridi haikauki, siku ya tatu ukiigusa bado inanata kama asali. Sikutaka kufungia jiko la mkaa stoo mana lile linaua watu, kwahiyo nikaanza kuweka makopo ya epoksi kwenye beseni la maji ya moto kabla sijachanganya. Ikaenda vizuri mno. Nikajisifu, nikachanganya nusu kopo kwa mkupuo, simu ikaita, nikaongea dakika tano, narudi kopo linafuka moshi na plastiki imejikunja. Hii kitu ikichanganywa nyingi sehemu moja inajipasha joto yenyewe, na nikiwa nimeshaipasha mimi ndo kabisa. Tangu hapo nachanganya kidogo kidogo na kuimwaga kwenye trei pana, simu iite mpaka ichoke.

Boti ikaisha mwezi wa tisa. Mita 3.6, chini bapa, haina jina mpaka leo mana watoto hawajakubaliana. Nikakodi kirikuu, boti ikalala juu nusu yake inaning'inia nyuma na kitambaa chekundu, Johnson nikaifunga kwenye godoro la mtoto, tukashuka. Tulipofika Tukuyu mvua ikatukuta, na Tukuyu mvua haina mwezi, na mi boti nimeiweka kifudifudi? Wapi, nimeiweka chali. Dereva anaangalia kioo ananiambia bro gari zito. Tukasimama. Boti imejaa maji mpaka kwenye benchi, yaani ilipata maji yake ya kwanza ikiwa barabarani, na angalau nikajua haivuji mana hata tone halikuwa linadondoka chini.

Matema tuliingia saa tisa. Kama hujafika, milima ya Livingstone inashuka pale inaingia moja kwa moja kwenye maji, na ziwa lenyewe ni refu kwenda chini kuliko unavyowaza, mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 706. Upande wa Lyulilo kina mama wa Kikisi walikuwa na vyungu vyao mchangani. Tukashusha boti, watu wakaanza kujaa, watoto, wavuvi, mpaka wanunuzi wa vyungu. Nikafunga Johnson, nikapampu tenki kwa mkono (hizi za miaka hiyo hazina pampu ya mafuta, tenki lenyewe linajazwa upepo ndo unasukuma petroli, mipira miwili), nikavuta mara tatu, ikaita! Watu wakapiga makofi. Nikawapungia mkono kama mbunge. Nikafungua mafuta niondoke.

Ikakohoa. Ikapiga chafya kwenye kabureta, chwa chwa, ikafa.

Nikavuta tena, ikawaka, ikanguruma taratibu vizuri tu, nikifungua, chafya, inakufa. Mara ya tano, ya sita. Makofi yalikwisha mapema. Nikakagua plagi, nikakagua mipira, nikapuliza chujio, na wakati huo upepo unanisogeza kwenye mawe. Na Mbeya kwenye pipa hii mashine iliimba wiki mbili nzima! Kuna mzee alikuwa amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa anashona nyavu, hakuinuka mara moja, alisubiri nichoke. Alafu akaja ndani ya maji mpaka magotini.

"Ugonile tata," nikamsalimia, jasho linanitoka.

"Umeitengenezea wapi hii?"

"Mbeya, tata. Uani kwangu."

Akacheka. "Ina njaa hiyo."

Kwenye uso wa hizo Johnson kuna vinobu viwili vya sindano za kabureta, kimoja cha mwendo mdogo kimoja cha mwendo mkubwa. Akakishika kile cha mwendo mkubwa kwa vidole viwili akakifungua kidogo, robo mzunguko, kama mtu anaongeza chumvi kwenye mchuzi, akaniambia vuta. Nikavuta, nikafungua mafuta, boti ikaruka ikamwacha mzee kwenye povu.

Kumbe hesabu iko hivi, na nimekuja kuielewa nikiwa katikati ya maji. Mbeya hewa ni nyepesi. Kabureta inapima petroli kufuatana na hewa inayopita, na hewa ikiwa nyepesi petroli inazidi, mashine inakuwa nzito inaacha masizi meusi kwenye plagi, kwahiyo mi nilikuwa nabana sindano, nabana, mpaka ikaimba. Nimeipimia chakula cha mlimani. Nikaishusha mita 1,200 kwenda kwenye hewa nzito, hewa imeongezeka petroli nimeibana, lazima ipige chafya. Na kwenye pipa haibebi mzigo wowote, maji yanazunguka tu pale pale, kwahiyo pipa linakudanganya mara mbili. Kibaya zaidi hizi za tuu-stroki oili inakuja pamoja na petroli, ukibana petroli umebana na oili, ningelazimisha vile vile nusu saa pistoni ingeng'ang'ania na ningekuwa na mashine ya pili iliyonoki kama ile Yamaha. Mzee wala hakunieleza haya yote. Alisema tu watu wa huko juu wote mnakuja nazo zina njaa.

Tukaenda mpaka upande wa Ikombe na kurudi, mimi, dereva wa kirikuu aliyekataa kabisa kubaki, na mzee akiwa amekaa mbele anaiangalia boti yangu kwa jicho la mashaka, anaigonga gonga kwa kiganja. "Hili sanduku linaenda," akasema. Tukapishana na mitumbwi miwili imepanga vyungu mpaka juu, wapiga kasia hata hawakugeuka. Boti ya wavuvi wa usipa ikatupita na Yamaha yao kama tumesimama, vijana wanatuzomea. Mi nilikuwa nasikiliza mlio tu. Mlio wa Johnson ya zamani ikiwa imeshiba hauwezi kuufananisha na hizi za sasa, ni kama mtu mzima anayeongea taratibu.

Tuliporudi nikampa mzee pini mbili za brasi, akazinusa, akazifunga kwenye pindo la shati. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana. Akaniambia mwakani nisije miezi ya upepo wa kusini, mwera ukianza kile kisanduku kitatupwa mchangani.

Sasa hivi Johnson ina mistari miwili kwenye kinobu, nimechora kwa rangi ya kucha ya mama watoto (ananunuliwa nyingine, nimeshaahidi), mmoja wa Mbeya mmoja wa Matema, na kati yake kanafasi kadogo sana, kama punje ya mchele. Seagull ya kwanza inafuata kushuka, hiyo nachanganya oili moja kwa petroli kumi kama walivyoandika wenyewe, itafukiza Matema nzima. Na ile Evinrude bado iko juu ya meza ya stoo miguu wazi. Kama kuna mtu kati ya Kyela, Mbamba Bay, Mtera au popote pale ana gia boksi ya Evinrude au Johnson ya hospawa 10 ya miaka hiyo, hata kama inazuia mlango wa banda la mbuzi, aniandikie. Asipige simu usiku tu, na akija nayo nyumbani asipitie mlango wa mbele.